Msimu wa Kahawa, Msimu wa Mpira

Mkulima wa kahawa wa Mbinga ana miezi michache tu kwa mwaka ambayo anaweza kupita mbele ya duka bila kugeuza uso. Buni huanza kuiva Mei, huchumwa hadi Septemba hivi, humenywa, huoshwa, huanikwa kwenye vichanja, kisha hupelekwa chama cha ushirika cha wakulima, AMCOS, kusubiri mnada. Malipo yakitoka, mji mzima unajua. Bodaboda mpya zinaonekana stendi, mabati yanapakiwa kwenye Fuso, na watu wanaanza kusalimiana kwa sauti kubwa. Halafu inakuja Januari: ada, mbolea, dawa ya kahawa, madeni ya mwaka jana. Kufikia Februari na Machi, mvua ikiwa imeshika, mfuko umebaki na shilingi ya chumvi na sabuni, na hata hiyo chumvi wengine wanaikopa.

Sasa weka ratiba ya Ligi Kuu juu ya ratiba hiyo. Ligi inaanza Agosti na kumalizika Mei au Juni. Timu ya mkoa, ikiwa ligi ina timu 16, inacheza nyumbani mara 15, na karibu nusu ya mechi hizo zinaangukia kipindi ambacho shabiki wake hana kitu. Sura hii inahusu timu iliyokufa kidogo kidogo katika miezi hiyo, na timu nyingine ya wakulima, mbali sana na Ruvuma, ambayo haijawahi kuijua Februari ya namna hiyo.

Timu ya kwanza ni Majimaji ya Songea, Wana Lizombe. Jina lake linatoka kwenye Vita ya Majimaji ya 1905 hadi 1907, na uwanja wake vilevile. Mjini Songea ndiko Wajerumani walikowanyonga makumi ya viongozi na wapiganaji wa Kingoni tarehe 27 Februari 1906, na Lizombe ni ngoma ya Wangoni. Kwa hiyo mtu angetegemea timu hiyo iwe ya Wangoni peke yao. Haikuwa hivyo. Wamatengo wa milimani waliichukua, Wanyasa wa Liuli, Lituhi na Mbamba Bay waliichukua, na watu wa Tunduru pia, kwa sababu kusini yote ilikuwa na kitu kimoja tu ambacho Dar es Salaam ililazimika kukisafiria.

Na walikuwa na sababu ya kujivuna. Majimaji ilitwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1985, ikautetea 1986, na ikaurudisha Songea mwaka 1998. Mara tatu. Ni klabu ngapi za nje ya Dar es Salaam zinaweza kusema hivyo? Tukuyu Stars ilikuwa na mwaka wake, Coastal Union mwaka wake, Pamba ya Mwanza mwaka wake. Zamani hizo mikoa ilikuwa na zamu. Tangu 2001 ubingwa wa Bara umezunguka baina ya Simba na Yanga, na mara moja tu, 2014, ukaenda kwa Azam, ambayo nayo ni ya Dar es Salaam.

Yapo mengi ya kulaumu: fedha za wadhamini, televisheni, uwanja, viongozi. Mimi naanzia kwenye kalenda, kwa kuwa haijadiliwi. Zamani ligi yetu ilihesabiwa ndani ya mwaka mmoja. Ubingwa wa 1998 ulikuwa wa 1998 na si wa 1998/99. Mwaka 2007 ikachezwa ligi ndogo ya kuvukia, kisha tukahamia mtindo wa Ulaya wa kuanza Agosti. Kwa Dar es Salaam, yenye mshahara wa kila mwezi, badiliko hilo lilikuwa la tarehe tu. Kwa mji unaokula kwa msimu mmoja, lilikuwa badiliko la mapato, na sikumbuki kuona mkoa wowote wa kilimo ukiulizwa.

Vijijini wao hawakuhama. Mechi za ndondo za Mbinga na za mwambao wa Ziwa Nyasa zinachezwa kiangazi, baada ya mavuno, zawadi ikiwa mbuzi, jezi, au ng'ombe mfadhili akiwa amejaliwa. Kiwanja ni kikavu, watoto wako likizo, mfanyabiashara wa buni anataka jina lake litangazwe kwenye kipaza sauti, na mvuvi wa usipa anaweza kuja kwa kuwa mwezi mpevu umemzuia kwenda ziwani na karabai zake. Hakuna aliyeitisha semina kupanga hayo. Watu walifuata fedha na hali ya hewa, basi.

Nebraska walifanya hivyohivyo.

Nebraska ni jimbo la katikati ya Marekani, tambarare, la mahindi na ng'ombe. Sensa ya 2020 ilihesabu huko watu 1,961,504. Sensa yetu ya 2022 ilihesabu watu 1,848,794 katika Mkoa wa Ruvuma. Tunazungumza, basi, juu ya idadi ya watu inayokaribiana. Nebraska haina klabu ya kulipwa ya ligi kubwa ya mpira wa Marekani. Kuna timu ya chuo kikuu cha jimbo, kilichoanzishwa 1869 kutokana na sheria ya 1862 iliyogawa ardhi kwa majimbo ili yajenge vyuo vya kufundisha kilimo na ufundi. Timu hiyo inaitwa Cornhuskers, yaani wamenya mahindi. Uwanja wake, mjini Lincoln, ulijengwa 1923 kuwakumbuka watu wa jimbo waliokwenda vitani, kama ambavyo wetu umebeba jina la vita.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: timu zina watu 11 kila upande, wamevaa helmeti na magamba ya mabegani, na mpira wao umechongoka ncha mbili. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu inapewa mengine manne, ikishindwa mpira unakwenda kwa wenzao. Kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho ni pointi 6. Mchezaji anayeanzisha kila shambulizi, anayeamua kurusha, kugawa au kukimbia mwenyewe, anaitwa kwotabeki. Ukiwa umezoea chenga na pasi za soka, mchezo huu utakuchosha, kwa kuwa unasimama kila sekunde chache. Lakini kalenda yake ni kitu cha kusomwa.

Msimu wa vyuo unaanza mwishoni mwa Agosti na mechi za kawaida zinaisha Novemba mwishoni. Miezi mitatu. Mechi ni Jumamosi. Hayo ni majira ya mavuno ya mahindi, mkulima akianza kuona fedha, wanafunzi wakiwa chuoni, barabara zikiwa bado hazina theluji. Mwaka 1997 Nebraska ilicheza nyumbani mara sita tu kwa mwaka mzima. Sita! Tiketi zote za msimu zilikuwa zimeuzwa kabla mpira haujarushwa. Mtu wa Scottsbluff, magharibi kabisa mwa jimbo, anasafiri zaidi ya kilomita 600 kwenda Lincoln. Safari hiyo haifanyiki mara 15 kwa mwaka, ila mara mbili tatu anaweza. Kila tiketi katika uwanja huo imeuzwa, mechi baada ya mechi, tangu tarehe 3 Novemba 1962. Mwaka 2024 hesabu ilivuka mechi 400. Haki isemwe: yapo majira ambapo wahisani walinunua tiketi zilizobaki na kuwapa watoto ili hesabu isikatike. Hata hivyo walizinunua.

Msimu wa 1997 unastahili kusimuliwa wote, kwa sababu una mambo ambayo mtu wa Mbinga atayaelewa bila mkalimani.

Kocha alikuwa Tom Osborne, mwenyeji wa jimbo hilohilo, aliyekuwa kwenye benchi kama kocha mkuu tangu 1973. Kwotabeki alikuwa Scott Frost, kijana wa Wood River, mji mdogo wa mashamba. Frost alikuwa na dhambi moja: alipomaliza sekondari aliwakatalia Nebraska, akaenda Stanford huko California, kisha akarudi. Watu wa nyumbani hawasahau. Mwezi Septemba, katika mechi dhidi ya Central Florida ambayo walikuja kushinda, mashabiki wake mwenyewe walimzomea uwanjani. Anayewajua mashabiki wa Songea walivyo na mchezaji aliyekwenda Dar es Salaam akarudi hahitaji maelezo zaidi.

Osborne alikuwa na utaratibu ambao vyuo vingi viliuona wa kizamani. Sheria za wakati huo ziliruhusu ufadhili wa masomo kwa wachezaji 85. Yeye aliongeza wengine wengi wasio na ufadhili, vijana wa vijijini waliojilipia ada ili tu wavae jezi nyekundu na kufanya mazoezi, wakitumaini kupanda. Wengi hawakupanda. Lakini karibu kila kijiji cha Nebraska kilikuwa na mtoto wake kwenye timu, hata kama ni wa kubeba helmeti, na kijiji chenye mtoto wake kwenye timu hununua tiketi. Wapo waliomsifu kocha kwa huruma. Mimi naona pia hesabu nzuri ya biashara.

Tarehe 8 Novemba, wakiwa hawajafungwa na wakiwa wa kwanza nchini, walikwenda Missouri. Mambo yakawaharibikia. Zikiwa zimebaki sekunde chache walikuwa nyuma kwa 38 kwa 31, wakiwa yadi 12 kutoka mstari wa mwisho. Frost akarusha. Mpira ukamgonga mwenzake Shevin Wiggins kifuani, ukamponyoka huku akianguka chali na beki wa Missouri akiwa juu yake. Alipokuwa anaanguka, Wiggins akaurusha mguu. Mpira ukapaa tena nyuma yake. Mashabiki wa Missouri walikuwa wameshaanza kumiminika uwanjani kusherehekea, na mpira ule ulikuwa bado hewani. Matt Davison, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kutoka Tecumseh, mji wa watu wasiofika elfu mbili, akajitupa mbele, akauwekea viganja chini, inchi za mwisho kabla haujagusa nyasi. Muda ulikuwa umekwisha. Pointi ya nyongeza ikafanya 38 kwa 38, wakaenda dakika za ziada, Frost akakimbia nao mwenyewe, wakashinda 45 kwa 38.

Kuupiga mpira teke kwa makusudi namna ile ni kosa kisheria. Waamuzi hawakupuliza. Missouri wanalilia jambo hilo mpaka leo, na ukikaa nao utadhani unasikiliza watu wakibishania penalti ya Simba na Yanga.

Jambo la kuchekesha ni lililofuata. Nebraska ilishinda, lakini ikashushwa kutoka nafasi ya kwanza hadi ya tatu, kwa kuwa nafasi hizo zilipangwa kwa kura. Wakati huo ubingwa wa vyuo haukuwa na fainali. Waandishi wa habari walipiga kura yao, makocha walipiga yao. Osborne akatangaza Desemba kwamba anastaafu. Tarehe 2 Januari 1998, katika Orange Bowl kule Miami, vijana wake waliichapa Tennessee 42 kwa 17 na kumaliza msimu wakiwa wameshinda mechi 13 kati ya 13. Frost, yule aliyezomewa, alisimama mbele ya kamera akawaomba makocha wampigie kura bosi wake. Makocha wakawapa Nebraska ubingwa. Waandishi wakawapa Michigan, ambayo nayo haikufungwa. Mabingwa wawili, nchi moja, mwaka mmoja, na Wamarekani wanatuona sisi ndio tusiojua kuendesha ligi.

Miezi michache baadaye, mwaka huohuo wa 1998, Majimaji ilikuwa bingwa. Timu mbili za wakulima, za maeneo mawili ambayo leo yanakaribiana kwa watu, zote kileleni kwa wakati mmoja. Miaka 20 baadaye zilikutana tena, safari hii chini.

Majimaji ilikuwa imerejea Ligi Kuu msimu wa 2015/16. Kurejea kwenyewe kulikuwa furaha kubwa Mbinga, kwa kuwa hali ya safari ilikuwa imebadilika. Barabara ya lami kutoka Peramiho hadi Mbinga, kilomita 78, iliyojengwa kwa fedha za msaada wa Marekani, ilikuwa tayari. Kwa miaka yote ya ubingwa, shabiki wa Mbinga alipanda lori na kupitia Kigonsera na Kitai juu ya udongo mwekundu. Mvua ikinyesha alishuka kusukuma, akafika Songea suruali ikiwa na rangi moja hadi magotini, au hakufika. Sasa aliweza kuondoka asubuhi, akaona mechi, akalala kwake. Miaka ya karibuni lami imeteremka hadi Mbamba Bay, kilomita 66 nyingine, na mtu wa ziwani anaweza kuingia Songea bila kulala njiani. Barabara ilikuja wakati timu inaondoka.

Kwa maana msimu wa 2017/18 Majimaji ilishuka daraja pamoja na Njombe Mji. Ni timu mbili tu zilizoshuka mwaka ule, kwa sababu ligi ilikuwa inapanuliwa kutoka timu 16 hadi 20. Yaani hata mlango ulivyopanuliwa, Majimaji ilijikuta nje. Na haikuwa timu isiyo na mtu. Mshambuliaji wake, Marcel Kaheza, alifunga mabao 14. Msimu ulipokwisha Simba ilimchukua. Timu ya mkoa inapokuwa na mfungaji wa mabao 14 na bado inashuka, tatizo halipo kwenye miguu ya mshambuliaji.

Mwaka huohuo wa 2018 Nebraska ilifungwa mechi sita za mwanzo mfululizo. Kocha wake mpya alikuwa Scott Frost, aliyeitwa arudi nyumbani kuokoa jahazi. Alishinda mechi 4 akapoteza 8. Alikaa hadi Septemba 2022, akafukuzwa akiwa na ushindi 16 na vipigo 31. Katika miaka yote hiyo ya aibu, mfululizo wa tiketi kuisha Lincoln haukukatika. Mkulima alikuwa ameshalipia kiti chake.

Najua pingamizi lililo karibu: Nebraska ni tajiri. Ni kweli, na chuo kikuu chenye bajeti ya serikali kinaimiliki timu, na huko hakuna kushuka daraja. Mpira wa vyuo wa Marekani wenyewe sasa umevamiwa na fedha. Tangu 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa matangazo, na wanahama chuo kwa chuo kama wafanyabiashara wa mazao. Sisemi tuige yote. Nasema kuna mambo mawili ambayo hayahitaji utajiri: kuchukua fedha ya shabiki wakati anayo, na kumpa kila kijiji mtoto wake ndani ya timu.

Hilo la pili tunalo tayari, tumelitelekeza tu. Michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, inakusanya vijana kutoka shuleni, wilayani, hadi mkoani na taifa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali iliifuta michezo hiyo ya shule kabisa, ikarudishwa baadaye, na kizazi kimoja kikapotelea katikati. Leo timu ya UMISSETA ya mkoa inakusanyika, inaweka kambi, inashindana, kisha kila mtoto anarudi kwao Lituhi au Litembo na jezi moja, na klabu za mkoa hazina habari naye. Klabu ya mkoa ikichukua vijana watano tu wa Nyasa na watano wa Mbinga kila mwaka, hata kwa mazoezi ya likizo, itakuwa imepata wazazi, wajomba na mashangazi wa kununua tiketi kwa miaka mingi.

Na hilo la kwanza: tiketi ya msimu iuzwe Mbinga katika wiki za malipo ya kahawa, kupitia AMCOS, kwa anayetaka. Nasisitiza kwa anayetaka. Mkulima wa Mbinga amekatwa sana katika maisha yake. Anakumbuka ushirika ulioanguka na fedha zake ndani, na akisikia neno makato anakunja uso kabla hujamaliza sentensi. Isiwe makato. Iwe kadi yenye namba ya kiti na orodha ya mechi, anayolipia mwenyewe akiwa ameshika malipo yake, na hesabu za klabu zibandikwe ukutani palepale penye bei za kahawa. Klabu ingekuwa na fedha za Februari mkononi tangu Oktoba. Ingeweza kulipa mishahara ya wachezaji wakati wa mvua, jambo ambalo timu nyingi za mikoani hushindwa, na ambalo ndilo hasa huzishusha.

Hadi ninapoandika, Majimaji haijarudi Ligi Kuu. Mashabiki wake wa Mbinga na wa mwambao wanavaa jezi za Simba na Yanga na kutazama mechi kwenye vibanda, wakilipa kila Jumamosi fedha ambayo ingeweza kubaki kusini. Kama wewe ni mwanachama wa AMCOS yoyote kati ya Kigonsera na ziwani, lipeleke jambo hili kwenye mkutano mkuu ujao, na ulipeleke kabla ya Mei, kahawa ikiwa bado mtini.